Sarafu Iliyofuata Mbalamwezi

Makanyagio, Mpanda
Jumapili, baada ya misa ya pili

Kwako dada yangu Dafrosa,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko dagaa wako wa msimu mzuri. Je, hujambo? Shemeji Isidori naye hajambo? Mgongo wake umepoa, au bado anavuta nyavu huku akimlalamikia kila mtu aliyezaliwa Karema? Na wanangu je? Yule wa mwisho ameshaacha kula mchanga? Mimi huku ni mzima kabisa. Mvua zimeanza vizuri, paa halijavuja, na nimenenepa kidogo, usije ukaambiwa na watu.

Najua umeshangaa kupata barua ya karatasi wakati namba yako ya simu ninayo. Sababu ni wewe mwenyewe. Kila nikikutumia ujumbe wa sauti unaufungua kwa spika pale kwenye chanja za dagaa, na kabla sijamaliza kusema, Karema nzima imeshajua. Mara ile nilipokueleza habari za jino langu, watu wasionifahamu walishuka kwenye gari hapa Mpanda wakaanza kunipa pole. Habari ya leo haifai spika. Barua nimempa Christina anayekuja huko kununua samaki, nikamwambia akukabidhi mkononi. Kaa chini uisome yote, wala usirukie mwisho. Nakufahamu.

Unakumbuka ulivyonicheka nilipoanza kukuomba bei ya dagaa ya kila siku. Ulisema nimesoma mpaka nimerudi sokoni. Basi nikueleze vizuri. Kwenye masomo yangu ya takwimu natakiwa kuandika utafiti wa mwisho, nami nikachagua kulinganisha vitu viwili ambavyo bei zake hazitulii: dagaa wa Karema na sarafu za mtandaoni, hizi bitcoin ambazo vijana wa hapa wanazibishania kijiweni bila kuwa nazo hata moja. Msimamizi wangu aliposikia neno dagaa alinitaka nirudie mara mbili, akidhani simu inakwaruza. Kisha akaniambia niendelee.

Bei zako wewe zilinipa kazi ya kusikiliza. Ulikuwa unaniambia bei ya sado moja ya dagaa imepanda, halafu papo hapo kwamba jirani amejifungua mapacha, halafu kwamba upepo umewaangushia choo, nami nakaa hapa nachuja bei kutoka kwenye choo. Bei za sarafu hazina mapacha. Natumia programu ya takwimu inayoitwa R. Unaiandikia jina la sarafu, tarehe ya kuanzia na tarehe ya kuishia, nayo inakwenda kwenye hifadhi huko mtandaoni na kukuletea kila siku iliyopita: bei iliyofungua, iliyopanda juu kabisa, iliyoshuka chini kabisa na iliyofungia. Siku za miaka mingi zinamwagika kwenye kioo cha kompyuta kama mahindi yanayotoka kwenye gunia.

Yaani zinamwagika pale zinapokubali. Mara ya kwanza niliomba miaka yote kwa pupa, hifadhi ikanifungia mlango, ikasema nimeomba kupita kiasi. Ikabidi niielekeze R iombe mwaka mmoja, ipumzike, ndipo iombe mwingine. Na mtandao wa nyumbani kwangu ukikata katikati, unaanza upya. Mwishowe nikahamia kwenye baraza la steshenari iliyo karibu na kijiwe cha bodaboda, maana pale unashika vizuri. Siku data iliposhuka yote mpaka mstari wa mwisho nilipiga kigelegele, na mwenye duka akanipongeza akidhani nimepata mchumba.

Hapo nikachukua jedwali la dagaa na jedwali la sarafu, nikaiambia R iyaunganishe kwa tarehe. Nikaongeza na kalenda ya mwezi, kwa kuwa ulishanifundisha kwamba mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inabaki ufukweni na bei inapanda. Bei zote nikazigeuza zianzie mia moja, ili shilingi na dola zisigombane. Kisha nikachora mstari wa sarafu.

Dada, nilichokiona kilinifanya nisimame. Sarafu ilikuwa inapanda kila mbalamwezi na kushuka kila giza. Mwezi ulioingia hivyo, uliofuata hivyo, mwaka mzima hivyo. Nikawaza kwamba dunia ina wataalamu wa kila aina, wenye kompyuta kubwa kama kabati, na hakuna aliyewahi kunyanyua macho akautazama mwezi. Ameutazama Kasilda wa Mwese. Nilitembea Makanyagio nzima nikisalimia watu nisiowajua.

Sikuweza kukaa na furaha ile peke yangu. Jumapili moja baba alipopanda kile kilima cha Mwese panaposhika mtandao akanipigia, nikamweleza yote. Nilimwambia kuna sarafu ya kwenye simu ambayo mtu akiinunua wakati wa giza na kuiuza wakati wa mbalamwezi hawezi kupata hasara. Akaniuliza kwa upole kama ng'ombe wawili wa kulimia wangetosha kuanzia. Nikacheka, nikamjibu kwamba wanatosha na chenji inabaki. Simu ikakata, nami nikaona tumetaniana vizuri.

Kamanda na Mpole unawajua. Baba aliwanunua wakiwa ndama, akawafundisha jembe mwenyewe, na tangu mama atutoke hao ndio anaowaamkia asubuhi kabla hajamwamkia mtu. Bila wao shamba lile la Mwese linarudi kuwa pori, na baba anabaki mzee anayekaa mlangoni kusubiri jioni. Yote hayo niliyajua, na bado nilisema chenji inabaki.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa naandika maelezo ya mchoro wangu. Kulikuwa na mahali ambapo mstari wa sarafu ulipaa ghafla, nikataka kueleza kwa nini. Nikapekua habari za dunia za tarehe ile, nisipate kitu. Nikaendelea kuikazia macho tarehe mpaka nikasikia sauti yako kichwani. Ilikuwa siku ile upepo ulipowaangushia choo! Mitumbwi haikutoka, na sado ikapanda mpaka wewe mwenyewe ukaona aibu kuitaja. Nikajiuliza, hii bitcoin imepataje habari za choo cha Karema?

Nikafungua jedwali, nikaona upumbavu wangu umekaa wazi. Kwenye majedwali yote mawili safu ya bei nilikuwa nimeiita bei. R ikikuta majina yanafanana haikugombezi, inayabandika tu mkia: la kwanza linapata x, la pili y. Jedwali la kwanza lilikuwa la dagaa. Mimi nikachora x na kuandika juu yake bitcoin. Ule ugunduzi mkubwa uliokuwa umewashinda wataalamu wa dunia nzima ulikuwa dagaa wako, dada, waliopanda bei kwa mbalamwezi kama wanavyopanda siku zote. Nilicheka pale barazani mpaka bodaboda wakaja kuuliza kuna nini.

Bado nacheka, akatokea Malale, yule jirani yetu wa Mwese anayeshusha mahindi mjini. Akasema baba amemtuma. Jumamosi baba anapeleka Kamanda na Mpole mnadani, na hela ataniletea mwenyewe niiweke kwenye ile habari ya mwezi. Kicheko kikaniisha palepale. Nikampigia baba, hapatikani. Nikapiga tena na tena, nikitumaini amepanda kilimani hata kwa bahati mbaya. Malale naye hakuweza kubeba ujumbe wa kurudi, maana alikuwa anaelekea Tabora.

Ijumaa asubuhi nikamchukua Elisha, bodaboda mtaratibu anayeegesha pale kijiweni, tukashika njia ya Mwese. Ile barabara unaijua mvua ikinyesha. Mahali pengine pikipiki ilitubeba, mahali pengine sisi tuliibeba. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kumweleza baba habari za x na y, nikijaribia kwa Elisha, naye kila nikimaliza ananiambia kwa heshima kwamba ameelewa, kisha ananiuliza kama hiyo sarafu inapatikana Mpanda. Kila tulipopishana na mtu anayeswaga ng'ombe nilimsimamisha Elisha nishuke niwatazame ng'ombe usoni, nisije nikapishana na Mpole anakwenda kuuzwa. Wachungaji walinishangaa sana.

Tulifika alasiri. Nje ya nyumba kulikuwa na mtoto wa jirani, yule niliyemwacha bado anabebwa mgongoni. Akasimama mbele yangu na kuniuliza mgeni natafuta nani. Nikamwambia mimi ni mtoto wa nyumba hii. Nikachungulia zizini, nikawaona Kamanda na Mpole wanatafuna mabua, wala hawana habari na mnada. Baba akatokea mlangoni amevaa shati la kanisani. Maji ya kuoga yalikuwa yameshapashwa. Jikoni kulikuwa kunanukia kuku.

Sikumpa nafasi hata ya kupokea shikamoo yangu vizuri. Nilianza palepale, baba usiuze, nimekosea, nilichanganya safu, wale ni dagaa wa dada. Aliniacha niseme yote, x na y na tarehe ya choo, akiwa ameshika kofia yake mkononi. Nilipomaliza ndipo akasema:

"Hao hawauzwi, mwanangu. Hiyo sarafu sijui hata ina rangi gani. Nikisema naumwa, unatuma dawa. Nikisema nimekukumbuka, unatuma vocha. Nikasema nauza ng'ombe."

Dada, nililia mbele ya Elisha bila aibu. Ni vocha kweli. Nilikuwa namtumia vocha kila alipoongea kwa unyonge, naliona salio linaondoka, nami najisifu kwamba namtunza baba. Naye akapanda na zile vocha kilimani, akapiga simu, akanikuta nina haraka. Hakunigombeza. Alinishika mkono akaniingiza ndani kama ninavyokumbuka alivyonishika siku ya kwanza ya shule.

Sasa ndiyo nafika kwenye jambo lililonifanya niandike kwa karatasi. Tulipokwisha kula, Elisha akaaga kwenda kukaza mnyororo wa pikipiki yake, nadhani alihisi. Baba akawa anaangalia miguu yake. Akaniambia kuna neno ambalo hawezi kulisema kule kilimani, kwa sababu pale mtu anapiga kelele na nyuma yake wamepanga foleni wenye simu zao. Ndiyo maana alitaka nije. Kisha akalisema kwa haraka, kama mtu anayetema dawa chungu: anataka kuoa.

Nikageuka nikamtazama. Ndipo nikaanza kuona nilichokuwa nimekitazama tangu nifike. Shati la baba lilikuwa na vifungo vyote. Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Na yule kuku, baba yetu tangu lini amejua kumtia kuku nazi? Nikauliza nani amepika. Akatazama mlango wa jikoni, na hapo akatoka Mama Suzana, yule mjane aliyekuwa anaimba sauti ya pili na mama kwenye kwaya, ameshika maji ya kunawa. Alikuwa amejificha jikoni muda wote ule, anasikiliza habari za x na y, maskini, akidhani ndiyo namna yetu wasomi ya kumkataa.

Nilimkumbatia mpaka maji yakatumwagikia wote wawili. Niliwaambia mimi nimekubali, na nimefurahi, na laiti wangeniambia mapema ningekuja na zawadi. Baba alicheka kile kicheko chake cha zamani, kile tulichodhani kimezikwa na mama.

Lakini wewe anakuogopa, dada. Wewe ndiye mkubwa, na siku ya msiba wa mama wewe ndiye uliyeishika nyumba. Amesema hatakwenda kwa padri mpaka neno lako lifike. Mkubwa akikataa, amesema, atabaki hivihivi na ng'ombe wake, wala hatamlaumu mtu. Alilisema hilo kwa sauti ndogo sana. Mimi nakuomba uwaze vizuri, maana nimemwona akicheka.

Utafiti wangu nao umenyooka. Nimechora upya, safari hii kila safu ina jina lake. Sarafu haijui mbalamwezi wala giza, inakwenda inakotaka. Msimamizi amesema anaona fahari juu ya dagaa wako kuliko hizo bitcoin, na jina lako litakuwamo kwenye shukrani.

Basi, ukikubali habari ya baba, usinipigie simu. Tuma gunia la dagaa wa harusi kwa gari la Christina, nami nitalifikisha Mwese mwenyewe, baba akiliona ataelewa. Ukikataa, usitume ujumbe, wala dawa, wala vocha. Panda gari uje umwambie mwenyewe, na ule kwanza kuku wa Mama Suzana.

Wabusu wanangu, mpe pole shemeji kwa mgongo. Mwese wote wanakusalimu, Kamanda na Mpole wakiwamo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kasilda