Na Makapi, Mwanangu?

Mama yangu,

Nimetoka kukusomea Yasini, na sasa nakuandikia. Yasini ni yako na Mola wako. Barua hii ni yangu na wewe, kwa sababu kuna swali uliniuliza nikakaa kimya, nawe ukaondoka kabla sijakujibu. Leo jibu ninalo, na juzi nimelisema mbele ya watu. Naona ni haki ulipate kwangu, usije ukalisikia kwa jirani yetu Bi Zuwena, maana yeye akifika huko atataka kuwa wa kwanza kukuhadithia.

Kwanza habari za nyumbani. Baba hajambo. Asubuhi anajipikia kahawa mwenyewe kabla ya kwenda bandarini, anaiunguza, na anainywa hivyo hivyo. Muuza ndizi bado anapita chini ya dirisha letu. Wiki ya kwanza aliita, "Bi Mwanaidi!" kisha akakumbuka, akajishika mdomo. Siku hizi mimi ndiye ninayemteremshia kikapu kwa kamba. Mara ya kwanza nilikiachia mbio kikamgonga bega. Akasema, "Taratibu, mwanangu. Mama yako alikuwa akikishusha kama anamlaza mtoto mchanga." Nilirudi ndani nikalia kidogo, halafu nikaosha ndizi.

Ungo wako uko pale pale ukutani. Sikuthubutu kuugusa mpaka juzi.

Unaikumbuka siku ya mchele wa harusi? Wewe, Bi Zuwena na Bi Raya mlikaa uani, chini ya roshani, kila mmoja na ungo wake. Mimi nilikuwa pembeni na kitabu cha skuli mapajani, nikijifanya nachagua mawe. Wingu likaja. Matone makubwa yakaanza kupiga sakafu ya ua, moja hapa, moja kule, kisha ikafuata mvua nyembamba. Hukuinua hata kichwa. Ulisema tu, "Mazito yametangulia, mepesi yanafuata. Ndivyo siku zote."

Nami, Mama, ambaye nikipita mbele ya wageni huangalia vidole vya miguu yangu, siku ile nikapata sauti. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimesoma jambo, na lilikuwa linaniwasha ulimi. Nikasema, "Si kweli, Mama. Kizito na chepesi huanguka sawasawa. Kitabu kimesema."

Bi Zuwena akaweka ungo chini. "Ehee! Mwanaidi, leo umepatikana! Umemzaa mwenyewe, umempeleka skuli mwenyewe, sasa mjibu mwenyewe!"

Ulicheka. Ukarusha mchele juu, makapi yakaenda zake na upepo, mchele ukarudi ungoni. "Kama vyote huanguka sawa," ukasema, "basi mimi hapa napepeta nini?"

Ingenipasa ninyamaze nifikiri. Badala yake nilikwenda jikoni, nikachukua nazi na ndimu, nikapanda roshani ya upande wa pili, na mvua ilipopungua nikaviachia vyote viwili kwa pamoja. Vikatua pamoja. Nazi ikapasuka, maji yake yakamrukia Bi Raya kwenye kanga, naye Bi Zuwena akapiga kigelegele kana kwamba bibi harusi ndiyo kwanza anaingia. "Mwanaidi kashindwa na mwanawe!" Alilisema siku hiyo, akalisema harusini, akampigia kelele hata muuza ndizi kutoka dirishani kwake.

Niliposhuka uliniangalia. Hukukasirika. Ningefurahi ungekasirika. Uliokota ile ndimu, ukaifuta kwa ncha ya kanga, ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Na makapi, mwanangu?"

Nilisikia, Mama. Nataka ujue kwamba nilisikia. Nilijifanya kelele za Bi Zuwena zimenizidi, nikainama kuokota vipande vya nazi. Sikuwa na jibu, na sikutaka mtu aone kwamba sina.

Wiki mbili baadaye ukashikwa na homa. Siku tatu tu. Nilikupepea, nilikunywesha maji kwa kijiko, na kila nilipofungua kinywa niliona si wakati wake. Nikasema moyoni, atapona, nitamwambia. Nikasema, kesho nitamwambia.

Basi.

Niliporudi skuli nilikaa siku nyingi bila kunyoosha mkono, jambo ambalo hakuna aliyelishangaa, maana sinyooshi. Lakini siku moja wenzangu walipotoka nilibaki. Nikamwendea Mwalimu wetu wa sayansi, nikamuuliza nikiwa natazama chaki: kama vyote huanguka sawasawa, kwa nini mwanamke akipepeta makapi hayarudi ungoni?

Akaniuliza, "Kitabu umekisoma mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho wa ukurasa, Mwalimu."

"Na ukurasa uliofuata?"

Mama, sikuugeuza. Huo ndio ukweli wote. Nilisoma ukurasa mmoja, nikafunga kitabu, nikakimbilia nyumbani kwenda kukushinda. Ukurasa wa pili unaanza kwa maneno kwamba yale ya kwanza ni ya mahali pasipo na hewa. Nani anapepeta mchele mahali pasipo na hewa?

Sasa sikiliza, nami nitakueleza kwa utaratibu, kama ulivyonieleza kukuna nazi na kukamua tui. Kitu kinapoanguka, hewa iliyo chini yake inakizuia. Kikizidi mwendo, hewa nayo inazidi kukizuia. Nazi na ndimu zina uzito wa kutosha, na roshani yetu haiko juu sana, kwa hiyo hewa haikupata nafasi ya kuzichelewesha hata tukaona. Kapi ni pana na halina uzito. Hewa hulishinda mara moja. Tone la mvua liko katikati ya hayo mawili. Likitoka juu huongeza mwendo, lakini hufika mahali ambapo uzito wake na kizuizi cha hewa vinalingana, na tangu hapo haliongezi tena, hata kama lina safari ya mbali. Tone dogo hulingana na hewa mapema, likaja taratibu. Kubwa hukawia kulingana, kwa hiyo huja kwa kasi na kulipita dogo njiani. Mazito yametangulia, mepesi yanafuata. Ulilisema bila kuinua kichwa.

Na kuna lile jingine. Nilipokuwa mdogo ulininyanyua mpaka dirishani, ukatoa mkono wako nje kwenye mvua, ukaniambia, "Ajabu ya Mungu. Nazi hutoka juu ya mnazi ikavunja kichwa. Mvua hutoka mbinguni na haivunji hata yai." Nililiuliza hilo pia. Mwalimu akanifundisha njia ya kuliona kwa macho. Unatandaza unga kwenye sinia, unautoa nje kwenye mvua muda wa kuhesabu mpaka tano, unaurudisha ndani. Kila tone linajikusanyia unga na kuwa kidonge. Ukikauka unauchekecha, vidonge vinabaki kwenye chekecheo, na ukubwa wa kila kimoja ni karibu sawa na ukubwa wa tone lililokifanya. Nilifanya hivyo mara nne peke yangu juu ya paa. Unga ulipungua na Baba akadhani ni panya, akatafuta paka.

Rasharasha ilinipa vidonge kama ufuta. Mvua kubwa ilinipa kama choroko. Hakuna hata kimoja kilichofika ukubwa wa mbaazi, kwa sababu tone likizidi kiasi hewa hulipasua njiani. Kwa hiyo kutoka mbinguni kote kule hakiji kitu kizito kuliko choroko ya maji, nacho kimeshikwa mwendo wake. Yai linasalimika.

Nilijua basi kwamba ulisema kweli. Lakini kujua peke yangu juu ya paa hakukutosha. Wewe ulishindwa mbele ya watu.

Juzi ilikuwa arobaini yako. Wanawake walikuja tangu asubuhi kutengeneza mchele wa khitma, wakakaa pale pale chini ya roshani, na mvua ya masika ilikuwa inakuja na kuondoka. Nilikuwa jikoni niliposikia, "Nasra!"

"Naam, Bi Zuwena."

"Lete ungo wa mama yako uje upepete. Tumeukosa mkono wake." Nikautoa ukutani. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Nilipokaa akaongeza, "Lakini leo usituangushie nazi, mwana we! Marehemu alikuwa hodari wa kila kitu, ila mvua tu ndiyo ilimshinda."

Wakacheka kwa upole, kicheko cha watu wanaokupenda.  Nikasema, "Bi Zuwena, mvua haikumshinda. Mimi ndiye niliyekosea. Aliniuliza kuhusu makapi, nikajifanya sikusikia."

 Ningekimbia, ila mapajani nilikuwa na ungo uliojaa. Nikautua, nikachota mchele kwa mkono huu na makapi kwa mkono huu, nikapanda roshani, nikaviachia pamoja. Mchele ulilia kwenye sakafu. Makapi yalikuwa bado yananing'inia hewani, yakizunguka, yakitafuta pa kutua, na mengi yalipata kichwa cha Bi Raya. "Mimi tu!" akasema Bi Raya. "Siku ile maji ya nazi, leo makapi! Nyumba hii ina nini na mimi?"

Mvua iliporudi nikachukua sinia na unga. Bi Zuwena akapiga kelele, "Unga wa sambusa huo!" lakini hakuinuka kunizuia. Nikautoa penye mvua, nikahesabu mpaka tano, nikauweka mbele yao. Hatukungoja ukauke. Bi Zuwena alichukua kidonge kimoja, akakibingirisha kwenye kiganja, akachukua kingine kidogo zaidi akakiweka kando yake. Nikamweleza yote niliyokueleza wewe. Sikuangalia vidole vya miguu yangu hata mara moja. Nilimwangalia yeye.

Akavirudisha vile vidonge siniani. Kisha akasema, si kwangu, kwa wote, "Basi Mwanaidi alishinda. Nami nikamtangaza mjini kashindwa." Akajifuta macho kwa mkono wenye unga, akawa na uso mweupe upande mmoja, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Jioni muuza ndizi alipopita, alikuwa yeye dirishani kwake, akimwita kwa sauti ile ile ya zamani: "We! Lile nililokwambia la Bi Mwanaidi, si kweli! Yeye ndiye aliyeshinda!" Muuza ndizi hakukumbuka hata ni jambo gani, lakini akaitikia, "Marahaba, marahaba," kama mtu aliyesalimiwa.

Kabla hatujamaliza mchele Bi Zuwena alinigeukia tena. "Haya, mwanachuoni. Na wingu nalo si maji? Mbona lenyewe limekaa tu huko juu, halianguki?"

Wote wakanitazama. 

"Sijui, Bi Zuwena," nikasema. "Bado sijafika hapo."

Hakuna aliyecheka. Bi Raya akasema, "Ukijua utwambie," akaendelea kuchagua mawe.

Kwa hiyo naagana nawe, Mama, nikiwa na ahadi moja. Mtu akiniuliza jambo, hata kwa sauti ndogo kiasi gani, sitajifanya kiziwi. Nikiwa najua nitamjibu. Nikiwa sijui nitasema sijui, mbele ya yeyote aliyepo, kisha nitakwenda kugeuza ukurasa. Unisamehe kwa ule niliouacha.

Mungu akufanyie wasaa pale ulipo. Usiku huu inanyesha, na ninajua sasa jinsi inavyokufikia: taratibu, hewa imeishika njia nzima.

Mwanao,
Nasra