Siku Kimya Alipoongea

Kambini, 6 Februari

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Natumai u mzima, na shemeji na wanao hawajambo. Mimi mzima, ila shingo imeungua na jua hadi ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu. Simu huku hazishiki, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa lori la kokoto akuachie hapo hospitalini kazini kwako.

Habari yenyewe ni kwamba nimefanywa nyapara. Usicheke! Watu kumi na wanne wananiita bosi. Nikiwapa mgongo sijui wananiitaje.

Lami inamwagwa ikifuka moshi. Chini moto, juu jua, na mti hakuna. Mhandisi anataka tufike darajani kabla ya mwisho wa mwezi. Pipa la maji liko kambini, dakika kumi kwa mguu. Walitaka lisogezwe, nikakataa. Likiwa karibu watashinda wamelizunguka. Jana mmoja alikazwa misuli ya miguu, mwingine akatapika. Nikawaambia waache deko.

Leo nimeletewa mtu mpya, mtu mzima, alikuwa fundi viatu. Hasemi hata neno, tayari wamembatiza Kimya. Anasukuma reki bila kuinua kichwa. Ningepata kumi kama yeye!

Nisalimie wote.

Mdogo wako


8 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Hongera kwa cheo, lakini barua yako imeninyima raha.

Kukazwa misuli na kutapika kwenye jua kali si deko. Huo ni mwili unabisha hodi. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaficha homa ili uende kucheza mpira. Sasa watu wazima wanakuficha wewe homa zao ili usiwaite wadekaji.

Maji yawafuate watu walipo. Kila mtu kikombe kila robo saa, hata asiyesikia kiu. Funga turubai kwenye nguzo nne, wapumzike hapo kwa zamu, na kazi nzito ifanywe alfajiri. Anayenitisha zaidi ni huyo mgeni. Mwili wake haujazoea joto. Mpe kazi kidogo, uiongeze polepole kwa wiki moja au mbili. Wengi wanaoletwa wodini kwangu wakiwa hoi ni watu wa siku za kwanza kazini.

Wapange wawili wawili, waangaliane, maana aliyezidiwa na joto hajijui. Mtu akianza kupepesuka au kusema ovyo, na mwili unachoma, awe na jasho au hana, usingoje. Iteni gari la hospitali, na papo hapo mvueni, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni. Mpoozeni palepale mpaka gari lifike. Asiyejitambua msimnyweshe kitu.

Nijibu upesi.

Dada yako


2 Machi

Mdogo wangu,

U mzima kweli? Wiki tatu sasa kimya. Dereva wa kokoto anasema barua alikukabidhi mkononi, halafu nikimuuliza habari zako anageuza maneno. Kama umenikasirikia, andika matusi, nitafurahi tu kuuona mwandiko wako.

Dada yako


Kambini, 19 Machi

Dada,

Shikamoo. Mwili mzima. Mengine usiniulize, nitayasema mwenyewe.

Barua yako ilifika tarehe tisa Februari, saa ya chakula. Niliisoma kwa sauti mbele ya watu. Sikuwa nawafundisha, Dada, nilikuwa nawachekesha. Nilipofika kwenye “mpepeeni”, mmoja alivua kofia akaanza kunipepea kama bwana harusi. Tulicheka sana. Kimya aliendelea kula.

Kesho yake, saa nane mchana, Kimya akaanza kuongea. Watu waliacha reki. “Jamani, leo kapata ulimi!” Alikuwa anamwambia mtu tusiyemwona afunge mlango, jua linaingia ndani. Akanigeukia, akaniita mama. Nikacheka. Barua yako ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu, Dada, na nikacheka.

Halafu akakaa chini, juu ya lami ya moto, kama mtu anayekaa kitandani kwake. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilimshika shingo, ilikuwa kama birika. Tukambeba hadi pembeni. Nikapiga kelele, “Maji!” Watu wakatazamana. Pipa lilikuwa kambini, mahali nilipotaka likae. Nilikimbia mwenyewe. Niliporudi na madumu mawili alikuwa ameshikwa na degedege. Tulimmwagia yote. Gari la hospitali, lililoitwa kwa simu ya upepo ya mhandisi, lilifika baada ya saa nzima. Alikata roho njiani.

Mhandisi akaandika kwamba marehemu alikuwa na ugonjwa wa moyo. Akanisogezea karatasi. “Tia sahihi, nyapara. Mambo yaishe.” Nikatia.

Mkewe alikuja kuchukua begi lake. Aliniuliza, “Alikuwa anaumwa moyo? Miaka kumi na tisa nimelala naye, mbona sikujua?” Nikamwambia hata mimi sijui.

Mdogo wako


22 Machi

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikashindwa kurudi kwa wagonjwa.

Sitakwambia usijali. Hukukusudia afe, hilo najua. Lakini karatasi ile uliitia sahihi ukiwa na akili zako timamu, na sasa mjane anajiuliza aliukosaje ugonjwa ambao haukuwepo. Huo mzigo umemtwisha wewe. Nenda ukautue kwa mdomo wako, kisha uende kwa mkaguzi wa kazi.

Na wale kumi na wanne bado wako juani. Pipa liko wapi leo?

Hata ufanye nini, mimi ni

Dada yako


9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumai wote wazima.

Pipa nililisogeza siku ileile niliyopata barua yako ya mwisho, na turubai tukafunga. Mhandisi alifoka mpaka sauti ikamkauka. Yule wa kofia ndiye anayepitisha kikombe kila robo saa, na hakuna anayemtania. Unyapara nimevuliwa. Nimerudi kwenye reki.

Kwa mjane nilikwenda Jumapili. Anaishi chumba kimoja, viatu vya watu vilivyokuwa vinangoja kushonwa bado vimepangwa ukutani. Nilimweleza yote: maji, barua, karatasi, na kwamba nakwenda kuandikisha maelezo kwa mkaguzi. Hakulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

“Alipokuita mama, ulifanya nini?”

“Nilicheka.”

Aliokota kiatu kimoja, akakirudisha kwenye mstari. Halafu akasema, “Basi na hilo uliandike.”

Jana nilikuwa kwa mkaguzi. Amesema uchunguzi utafunguliwa upya, na mimi pia nitaulizwa. Alisoma maelezo yangu, alipofika hapo akainua kalamu akataka kufuta. “Hili la kucheka halina uzito kisheria,” akasema, “linakuharibia bure.”

Nikamwomba aliache.

Mdogo wako