Karatasi Iliyokuita Injinia

Kaka Elieza,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini Mama hakunilea nimwandikie mkubwa wangu bila salamu, na kufa hakujakufanya mdogo.

Karatasi ya serikali imefika. Tarishi aliipandisha mlimani wiki iliyopita kutoka Same, jasho limemlowesha mgongo mzima, akamkuta Mama uani anachambua maharage. Mama alipoona muhuri akaangusha ungo, akasema, "Wamemjibu mwanangu." Nikaifungua mimi, maana Kiingereza humu ndani sasa nakisoma peke yangu. Mstari wa tatu nikakuta neno: injinia Elieza. Limepigwa kwa mashine kabisa. Nikalisoma kwa sauti, na Mama akapiga vigelegele hadi majirani wakaja. Ngoja, usifurahi bado.

Unakumbuka siku uliyoshuka kwenye treni pale Same, na shahada yako ya Bombay ndani ya lile kopo refu la bati? Kijiji kizima kilishuka kukupokea. Mimi niliachishwa chuo cha ualimu ili nishike jembe lako, wewe ukasome. Sikuwahi kukusamehe sawasawa, na ulijua. Lakini siku ile nilicheza mpaka kanga ikanidondoka.

Halafu ukaenda kuomba kazi. Wakakwambia chuo chako hakimo kwenye orodha ya vyuo wanavyovitambua. Walimu wako walisomea Uingereza, vitabu vyako vilitoka Uingereza, lakini hesabu ikishafanyiwa Bombay eti imeoza! Ukitaka kutambuliwa, wakasema, fanya kazi miaka minne chini ya injinia anayetambuliwa, kisha ufanye mtihani wa London. Na injinia wa namna hiyo huku kwetu alikuwa mmoja tu, yule Mzungu wa masharubu mekundu, naye akasema hachukui mwanafunzi Mwafrika. Wakakupa ngazi isiyo na pa kukanyaga, wakakuambia panda. Kazi waliyokupa ni kumshikia fito ya kupimia.

Ukaishika. Loo, ulivyonikera! Kila jioni unarudi, unapangusa vumbi kwenye lile kopo, unaandika barua nyingine ya kuomba. Miaka mitatu uliomba neno moja tu.

Kisha wakaja, yule Mzungu akisimamia, kuipanua ndiva yetu, bwawa lile la udongo walilotuachia babu, tunalolifunga jioni na kulifungua asubuhi, kila shamba kwa zamu yake. Baragumu likapigwa, tukatoka kwenda kwenye msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kila nyumba mtu mmoja, nami nikabeba udongo kwa karai mpaka shingo ikaniuma. Ukuta ukapanda mara mbili ya ule wa zamani, na chini wakaweka lango la chuma lenye kufuli. Wewe ukaitazama njia ya maji ya ziada, ukasema ni nyembamba mno, yakija masika makubwa maji yatapita juu ya ukuta na kuula. Ukachora, ukaandika, ukapeleka. Ikarudi na muhuri wa kupokelewa, tarehe, na mstari mmoja: taarifa ya ufundi haipokelewi bila saini ya injinia anayetambuliwa. Karatasi hiyo ninayo mimi.

Haya, wale ni wao. Sasa niseme sisi.

Jumapili ile mvua ilikuwa haijakatika tangu Alhamisi. Hukungoja hata baraka. Ulimsubiri Baba Mkubwa Sefania, mshika ufunguo wa ndiva, hapo mlangoni pa kanisa, ukamwomba afungue lango la chini maji yatoke. Akasema leo si zamu ya mtu, na ndiva haifunguliwi pasipo zamu, maji ya babu hayamwagwi porini. Ukamwambia ukuta utakwenda. Akakuuliza, "Wewe ni injinia wa nani?" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kaka. Tena ni mimi niliyepaza sauti: "Cheti chako hata Wazungu wenyewe wamekikataa, sisi tukipeleke wapi?" Naliandika hapa kwa mkono wangu, lisije likapotea.

Ukakunja suruali yako ya kanisani, ukaenda kuchukua mtaimbo. Lango ulikuwa umeshalipinda nusu, ukuta ulipokwenda. Tulikupata kesho yake huko chini kwenye njia ya Kisiwani, kiatu kimoja mguuni. Mashamba ya bondeni yalikwenda yote. Watu wa bondeni walipona kwa sababu walikuwa bado pale kanisani, wanakucheka.

Sasa nikusomee karatasi yote. Inasema ukuta ulivunjika kwa sababu injinia Elieza, Mwafrika aliyesimamia kazi, alikosea vipimo, kisha akaharibu lango bila idhini. Basi. Mwenye masharubu hatajwi. Walipotafuta mtu wa kumtwika lawama, shahada yako ikatambulika papo hapo, na mtihani wa London hakuna aliyeukumbuka. Laiti ungekuwa hai ungewashukuru, nakujua. Ungesema angalau wameanza!

Mama hajui. Siku ile nilisoma hadi neno lile, nikakunja. Ameitia ndani ya Biblia. Kila mgeni akija naitwa, nasoma mpaka hapo hapo, nakohoa, nakunja. Jana alikuja Baba Mkubwa Sefania. Akalia, akasema kumbe kijana alikuwa injinia kweli, angejua angempa ufunguo. Haki ya Mungu nilitaka kumpiga na ungo. Baadaye nikaona sina uso wa kumpiga, maana na mimi nilingoja serikali ndiyo iseme wewe ni injinia. Ulikula nyumbani kwetu miaka mitatu na hatukukuamini, ila tunaiamini karatasi iliyokusingizia. Nimechoka, kaka. Naumia mpaka kwenye meno.

Mama anataka isomwe kanisani Jumapili hii, nisome mimi, watu wote wasikie. Nimekubali. Nitasimama, nami sitakohoa. Nitaisoma mpaka nukta ya mwisho. Kisha nitasoma ile yako iliyorudishwa, na tarehe ya muhuri wake, waone wewe ulisema lini na ukuta ulikwenda lini. Kisha nitasema nilichokuambia pale mlangoni, kama nilivyokisema, mbele ya Mama. Atanilaani pengine. Na anilaani. Furaha aliyonayo sasa nimeichoka kuliko kilio chake.

Msalaba wako bado mtupu. Seremala ananiuliza kila siku aandike nini, na Mama amempa ile karatasi ya serikali anakili neno. Nimemnyang'anya. Lala, kaka yangu, usinisamehe haraka. Nakuahidi neno lile utaandikiwa, herufi zake zote, na karatasi nitakayompa seremala anakili ni ile iliyomo kwenye kopo la bati.

Mdogo wako,
Namsifu