Ncha ya Almasi

Mwanangu mpendwa, kitindamimba wangu,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, zikukute mzima, umekula na umelala. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu kwa kidogo na kwa kingi. Dada yako hajambo, ila mgongo unamsumbua tangu wawekewe meza fupi pale kiwandani. Shemeji yako naye hajambo, bado anakoroma kama jenereta na bado anasema si yeye. Pacha wao hawajambo. Mmoja kang'oka meno mawili ya mbele, mwenzake analia kwa nini yake hayang'oki. Shangazi yako anakusalimu sana, anauliza kama unavaa fulana ya ndani. Hata jirani yetu Redio hajambo, mdomo wake haujapata ugonjwa. Mimi mama yako ni mzima wa mwili. Je, kile kikohozi cha moshi wa kuchomelea vyuma kimepungua? Usinifiche.

Usishangae mwandiko huu unaopanda na kushuka. Barua zangu zote ulizozoea kusoma aliziandika mchumba wako, mimi nikisema na yeye akinyoosha maneno. Hii naandika mwenyewe, leo ni siku ya tatu. Kwa simu nimejaribu mara nne, na kila ukisema haloo mama, najikuta nakuuliza habari za mvua.

Nianzie dukani kwa sonara. Uliniambia niende na mchumba wako tukachague jiwe la pete, ukasema neno la mwisho liwe langu kwa kuwa mimi ndiye mama. Neno hilo lilinipanda kichwani, mwanangu. Nilivaa viatu vyangu vya kutokea, vile vinavyonibana. Sonara ni mzee mpole, ana kioo kidogo anachokibana kwenye jicho. Alitandaza kitambaa cheusi akatupangia almasi za kila umbo: ya duara, ya mraba, ya yai, na moja ya umbo la tone la maji, upande mmoja mviringo na upande wa pili ncha kali.

Mchumba wako aliipenda ya duara. Alisema yeye ni fundi cherehani, mikono yake inashinda kwenye vitambaa, na jiwe lenye ncha litamnasa nyuzi kutwa nzima. Sonara akamuunga mkono. Akasema duara halina kona ya kugongwa, na hili la tone ni zuri lakini ncha yake ndiyo udhaifu wake, lazima ifunikwe na kikucha cha dhahabu.

Mimi nikashupaza shingo. Nilisema ile ya duara ni ndogo kama punje ya mtama, watu watadhani mwanangu huko anaokota makopo. Sonara akasema uzito ni ule ule, ila la tone limerefuka tu ndiyo maana jicho linadanganyika. Nikamwambia basi mimi nataka hilo linalodanganya. Na kile kikucha cha kwenye ncha nikakikataa pia, nikasema sijaona mtu ananunua kitu kizuri halafu anakivika kofia. Mzee alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Mwisho akasema kazi ataifanya ila tusije kumlaumu. Mchumba wako alinishika mkono akasema alichopenda mama ndicho hicho.

Pete nikaenda kuichukua mwenyewe siku ya Jumatano, nimkabidhi Jumapili mbele ya wazazi wake. Nikamkabidhi, ikiwa ndani ya kiboksi chake. Jumanne akaja kuniambia kwamba jiwe halina ncha, limemeguka. Nikamjibu kwamba mimi nilimkabidhi likiwa zima. Alikifunga kiboksi akaniaga. Nikakupigia simu wewe nikakwambia hivyo hivyo, na wewe ukasema huenda kalibadilisha, mtu wa kushona viraka na almasi wapi na wapi. Maneno hayo yakamfikia kwa kinywa chako mwenyewe. Kesho yake akairudisha pete hapa nyumbani, akaiweka mezani, akaniamkia kwa heshima zote, akaondoka. Hizi ni wiki tatu.

Sasa nisikilize, na kama umesimama, kaa.

Jiwe nililivunja mimi.

Alhamisi ile, kabla sijamkabidhi mtu, Redio alikuja kuomba chumvi. Nami kwa majivuno nikamfungulia kiboksi. Akaangalia, akavuta mdomo, akasema shoga, mwanao kauziwa chupa, kioo kama hicho kwetu kimejaa jalalani. Damu ikanichemka. Maisha yangu yote nimesikia kwamba almasi ni ngumu kuliko kitu chochote duniani, hata chuma hakiiwezi. Nikaleta ile nyundo ndogo ya viatu aliyoacha marehemu baba yako, nikaiweka pete juu ya kizingiti, nikamwambia tazama sasa kioo chako. Niligonga mara moja, tena si kwa nguvu. Ncha ikaruka. Tulitambaa sakafuni sote wawili tukiitafuta kama kuku, hatukuiona.

Pete iliporudishwa, nilimkimbilia sonara. Akaniambia mama, ugumu ni kitu kingine na kuvunjika ni kitu kingine. Almasi inakwaruza kila kitu, lakini ukiigonga penye ncha inameguka kama sukari guru. Alisema anaweza kulikata upya liwe dogo. Nimemkatalia. Safari hii si mimi wa kuchagua.

Na Redio, mwanangu, hajamwambia mtu hata mmoja. Mdomo niliouogopa ndio ulionyamaza, na wangu ndio uliosema uongo.

Liko jingine, nalo ni chungu kuliko hilo. Siku ile uliponiambia kwenye simu kwamba unaniamini mimi kuliko yeye, nilisikia utamu moyoni. Nilisema kumbe bado ni wangu. Nilikunywa chai siku hiyo kama mtu aliyeshinda kesi. Mungu aliniona.

Juzi nilikwenda pale anaposhona, nikamweleza yote. Hakusimamisha cherehani mpaka alipomaliza mshono. Kisha akasema mama, nilijua tangu Jumapili ile, hukutaka nikifungue kiboksi mbele ya watu. Alisema alisubiri niseme mwenyewe, na nisingesema angenisitiri, kwa kuwa mtu mzima akivuliwa nguo haivai tena kama zamani. Nikamuuliza kwa nini basi alirudisha pete. Akasema kosa langu angelibeba. Ila wewe na yeye mmejuana miaka sita, na hukumuuliza hata swali moja. Ulianza na hukumu. Alisema hayo bila kulia. Halafu akaona upindo wa gauni langu umefumuka, akaniambia nisimame vizuri, akapiga magoti akanishonea nikiwa nimelivaa. Nilitamani anitukane.

Amekwishafungasha. Anahamia mji mwingine kufungua duka la kushona na binamu yake, na basi lake linaondoka Jumamosi saa mbili asubuhi. Aliniomba nisikuandikie. Hili nalo nimelivunja.

Barua hii nampa mwenzako wa kazini anayerudi huko kesho, atakutia mkononi Alhamisi. Usipoteze muda kunijibu mimi. Matusi yangu yaweke, nitayapokea yote ukija. Mpigie yeye. Usianze kwa kusema mama kasema, wala usimtaje Redio wala sonara. Anza kwa kumuuliza kile ambacho hukumuuliza, kisha nyamaza umsikilize mpaka mwisho, hata akisema hakutaki. Ana haki hiyo.

Dada yako hajui bado, nitamwambia leo akirudi kazini. Wote wanakusalimu, wakidhani nakuandikia habari za kawaida.

Ukishampigia yeye, nitumie neno upesi, mwanangu, hata moja tu, kabla ya Jumamosi, nijue kama barua imekukuta mapema.

Ni mimi mama yako, niliyekukosea.