Nimepanda Ubao, Mama

Shikamoo Mama,

Likizo ya huku Kupro ni nzuri, ila mkweo kila siku ananiagizia pweza, nami natamani sato. Jana alinipeleka kujifunza kupiga kasia nikiwa nimesimama juu ya ubao. Kiu iliponishika nikachota maji ya bahari kwa kiganja, kama tulivyokuwaga tunafanya pale ziwani Mwigobero. Chumvi tupu! Mwalimu alicheka mpaka akakaa.

Baadaye nilianguka. Usishtuke. Nilimkumbuka kaka Chrispin alivyozama, nikajua basi, na mimi namfuata. Lakini jaketi la kuelea lilinirudisha juu, nikapanda tena.

Tangu tumzike hujashuka ziwani, hata kufua. Nimenunua majaketi mawili, Mama. Krismasi nakuja. Moja ni lako.

Nyangi wako, mwenye chumvi masikioni