Njia ya Kumpeleka Bi Mwanabaraka

Jumamosi, 31 Januari 2009

Baridi kavu leo. Theluji bado, lakini redio ya lori haina habari nyingine. Upepo unatoka Urusi, nyanda zote za kusini zitafunikwa, mwenye uwezo abaki nyumbani. Gurmit kacheka. Kasema basi sisi ndio wasio na uwezo.

Gurmit, Kalasinga, ndiye anayeendesha lori la chumvi. Lori linamwaga chumvi barabarani lenyewe, barafu isishike. Mimi ni mtu wa beleshi: vituo vya basi, ngazi, vivuko, kote ambako lori haliingii. Chumvi yenyewe si nyeupe. Ni ya mawe, rangi ya udongo, inaingia kwenye nyufa za mikono na kuwasha kama pilipili. Bi Kijakazi, mwenye nyumba wetu, kanipa mafuta ya nazi nijipake. Yameganda chupani kama samli! Nimeyachokoa kwa kijiko.

Jioni nimekwenda hospitali kumwona Bi Mwanabaraka. Kabaki macho tu. Huyu ndiye aliyenipokea nilipofika kutoka Pemba, sina koti, sina neno la Kiingereza. Mpaka leo sisi wanaume tusio na wake hapa Barking, mashariki ya London, tunakula kwake kila Jumapili. Kaniuliza nje kukoje. Nikamwambia baridi, bibi.

— Vuai, nikifa msiniache kwenye friji lao. Nchi hii imenigandisha ya kutosha nikiwa hai.

Mwanawe Sultan akamwambia, mama, usiseme hivyo.

— Wewe nyamaza. Nasema na mtu wa chumvi.

Anataka alazwe kando ya mumewe, marehemu Mzee Talib, kwenye makaburi yetu kule mashambani nje ya mji. Upesi, kama kwetu. Nikamwambia usiwe na wasiwasi, bibi, tutakupeleka. Nimeahidi. Sasa nimeandika, nisije nikajifanya nimesahau.


Jumapili, 1 Februari 2009

Bi Mwanabaraka amefariki. Alasiri, usingizini. Sultan kapiga simu, hakuweza kumaliza maneno. Innalillahi.

Theluji imeanza saa hizi za magharibi. Inaanguka kimya kabisa, kama mtu anayekuja na hataki kusikika.


Jumatatu, 2 Februari 2009

Sijapata kuona kitu hiki. Theluji mpaka juu ya buti. Basi zote za London zimesimama — zote! Nimekwenda depo ya malori kwa miguu, katikati ya barabara, hakuna gari. Watu wazima walikuwa wanarushiana theluji kama siku ya Idi. Mwanamke mmoja kaninyooshea kidole, mimi na koti langu la kazi la rangi ya chungwa, akapiga kelele eti nimechelewa kidogo. Nikapita. Nilikuwa namfikiria bibi kwenye lile friji.

Maana yumo friji. Ofisi inayotoa karatasi ya kifo imefungwa kwa sababu ya theluji, na bila karatasi hospitali haimtoi mtu. Sultan kaenda kwa miguu mpaka mlangoni, kakuta tangazo.

Nimempa Gurmit habari. Kazima injini. Bibi alikuwa akinifungia sambusa za watu wawili, kila Jumatatu, kwa sababu niliwahi kumwambia kwamba dereva wangu hali nyama ya ng'ombe. Akawa anamtilia za viazi peke yake, na alama ya uma kwenye ukingo nisije nikakosea. Gurmit akauliza anazikwa wapi. Nikamwonyesha kwenye ramani ya lori. Barabara kubwa ina rangi nyekundu, ndiyo njia yetu. Kijinjia cha makaburini hakina rangi yoyote.

Nikaenda kwa supavaiza. Nikamwomba lori lipite pale mara moja tu. Si mtu mbaya, yule. Kasema chumvi inakwisha nchi nzima, barabara kubwa tu, na kila lori linaonekana kwenye kompyuta lilipo. Halafu kasema wafu hawana haraka.

Nikamwambia wetu wanayo.

Katazama mikono yangu, kaniambia nivae glavu.


Jumanne, 3 Februari 2009

Mchana jua kidogo, theluji ikalainika. Usiku uliopita iliganda na usiku huu itaganda tena, hiyo ndiyo mbaya. Theluji unaizoa. Barafu hukuzoa wewe.

Karatasi imepatikana. Msimamizi wa makaburi kampigia Sultan: kaburi limechimbwa kwa mashine kabla ardhi haijawa ngumu zaidi, liko wazi, mleteni kesho kabla hatujafunga lango. Mkikosa kesho ni wiki ijayo, wengine wamepanga foleni. Wiki ijayo! Kwenye friji!

Hapo Harith akasema, kwa ile sauti yake ya darasani, kesho ni kesho, hata kama ni kutambaa. Harith ninakaa naye nyumba moja. Kwetu alikuwa akisomesha chuo cha Kurani, hapa anasafisha maofisi. Ni mtu mzima na ni mtu wa kufuata kila kitu kama kilivyo. Kwa hiyo sikutegemea lililotokea.

Nilirudi kutoka kazini na giza, jambo limeshatendeka. Watu walikuwa wanakuja nyumbani kwa marehemu kutoa pole, na pale mlangoni pana ngazi na kijinjia cha saruji. Harith kaona theluji, kaona wazee wanashikana mikono. Kaingia jikoni, kachemsha maji. Birika kwa birika kayamwaga nje. Theluji ikayeyuka yote, njia ikawa nyeusi, safi! Watu wakamshukuru. Kwetu maji ya moto ndiyo dawa ya kila kitu, masizi, mafuta, hata siafu. Nani angejua? Mimi ningejua. Mimi sikuwapo.

Kufika magharibi yale maji yaliganda, ile njia ilikuwa kioo. Huioni hata kidogo. Sultan katoka kumsindikiza mgeni, miguu ikaenda mbele, mwenyewe akaanguka ubavu. Nilikuwa ndiyo kwanza nafika langoni. Niliusikia ule mfupa.

Bega. Limefungwa kwa kitambaa shingoni, wiki sita. Karudi kutoka hospitali kakaa kwenye kochi la mama yake, akalia. Si maumivu. Kasema, nani atambeba mama yangu na mimi mwanawe wa pekee nimo hapa mkono mmoja kama birika?

Harith kasimama ukutani. Hajakaa mpaka watu wameondoka.

Bi Kijakazi naye hajui kumhurumia mtu kimyakimya:

— Harith, maji ya moto yote umeyatia nje. Wewe kuoga utaoga nini?

— Niache, Kijakazi.

— Nikuache wapi? Mlango wenyewe haupitiki.

Watu wakacheka, na Sultan pia, akashika bega. Harith hakucheka. Nikatoka na beleshi nikavunja ile barafu peke yangu. Baadaye akaja, akashika ufagio, tukamaliza pamoja.

Tulitegemea watu wetu kutoka mji wa Milton Keynes, gari tatu, waje kuzika. Wamepiga simu. Wamekwama, wanarudi.


Jumatano, 4 Februari 2009, alfajiri

Nimempigia supavaiza kwamba siji. Kasema kila mtu anahitajika leo, na asiyekuja asitegemee kuitwa wiki ijayo. Nikasema nimesikia. Ndivyo nilivyosema, nimesikia. Nimekula mkate, nimevaa soksi mbili mbili.


Jumatano, mchana

Naandika ndani ya gari la maiti, kiti cha mbele. Wamenilazimisha niingie nipashe vidole. Sivihisi, kalamu naishika kama mtoto wa chekechea.

Wanawake walimwosha asubuhi msikitini. Bi Kijakazi kasema alikuwa mwepesi. Kasema walitumia maji ya vuguvugu, na mkunazi, na karafuu maiti, na kila mmoja alikuwa anayajaribu maji kwa mkono wake kwanza, yasimwendee baridi. Tukamswalia. Kwetu wanawake hawafuati jeneza, kwa hiyo alitusindikiza mpaka kwenye gari tu. Lakini hakuja mikono mitupu. Kanipa mifuko miwili mizito. Nikadhani chakula.

Chumvi! Chumvi ya jikoni, paketi juu ya paketi. Kapita nyumba zetu zote na maduka mawili.

— Serikali ikikunyima yake, chukua yetu. Hii hapa ya kusaga, ile ya mawe nilimwekea nguru.

— Bi Kijakazi, hii haifiki hata robo ya njia.

— Basi itie pale pabaya zaidi. Hujapika wewe?

Barabara kubwa ilikuwa nzuri, nyeusi, chumvi yetu sisi imefanya kazi. Nilijisikia fahari kidogo, naandika kweli. Kisha tukafika kwenye kijinjia. Ardhi tambarare pande zote, mashamba meupe mpaka mbinguni, hakuna mti wa kuzuia upepo. Upepo umekokota theluji ya mashamba yote ukaimwaga hapo njiani. Chini yake kuna matuta ya magurudumu yaliyoganda kama mawe. Dereva kajaribu. Gari likazunguka nusu, mkia ukaingia mtaroni. Jeneza likagonga ubavuni. Sultan kapiga ukelele kama aliyegongwa yeye.

Lango la makaburi linaonekana kutoka hapa. Mtu mmoja amesimama pale, katoka mara mbili kutazama saa.

Tuko watu wachache mno, wengine wamebanwa na kazi au uzee. Harith. Mimi. Shaame, mwenzetu aliyetoka mtaa wa Kilburn kwa treni na miguu, ana kifua lakini ana nguvu. Dereva hajiwezi mgongo, kasema wazi. Sultan na bega lake. Wabebaji ni watatu. Jeneza linataka wanne, na kwa njia hii lilitaka wanane wa kupokezana.

Tumezoa theluji tangu tulipokwama, mimi na Shaame, kwa beleshi moja na sinia la plastiki. Tumefungua kipande cha njia ya miguu. Pale pabaya tumetia chumvi ya Bi Kijakazi. Harith ndiye alikuwa anainyunyiza, kwa vidole, pole pole, kama anayemtia samaki. Shaame kamwambia, yakhe, si mchuzi huo, mwaga! Harith kasema, leo nataka nifanye jambo moja sawasawa.

Shaame alitaka tulivute jeneza juu ya theluji, kwa kamba. Harith kakataa kabla hajamaliza. Kasema hakuburutwa akiwa hai. Shaame kasema basi tulibebe watatu, tukichoka tuliweke chini kidogo. Hapo hata mimi nilikataa. Kwetu jeneza likishapanda mabegani haliteremki mpaka kaburini. Linapita bega kwa bega, watu wanagombea, wewe unaligusa hatua chache tu mwingine keshalichukua. Kuliweka chini njiani, kwenye theluji — hapana. Mtu aliyesema msinigandishe.

Basi tukasimama. Watatu, na upepo.

Ndipo lori letu likaja barabara kubwa. Nalijua kwa taa. Likapunguza mwendo, likasimama kwenye mdomo wa kijinjia, halikuingia. Likiingia kompyuta itasema. Gurmit kateremka, kafunga mlango, akaja kwa miguu na mabeleshi mawili begani. Kasema ni mapumziko yake ya chai na chai haina ladha leo. Akaanza kuzoa. Alizoa kipande kirefu kuliko mimi na Shaame pamoja, kilemba chake kimejaa theluji.

Sasa njia imefika langoni. Nyembamba, lakini ipo.

Wamelitoa jeneza nusu, limekaa kwenye ukingo wa gari nyuma yangu. Nasikia. Shaame anasema tuko watatu bado. Gurmit anauliza nafasi ya nne ni ya nani. 

Sultan anasema, ni yangu, na mimi nampa huyu Gurmit.

Harith anasema ngoja. Anasema hajui. Anasema katika kufundisha kwake kote hajapata kuulizwa jambo hili, mtu asiye wetu kumbeba wetu, na hataki kumfanyia marehemu kosa jingine juu ya lile la maji ya moto. Sauti imekatika hapo. Shaame anasema marehemu alikuwa akimpikia mbali huyu, wewe Harith alikupikia mbali lini?

Mtu wa lango amepuliza filimbi. Ameshika mnyororo.

Kwenye kioo cha pembeni namwona Gurmit. Amevua glavu zote mbili, ameziweka mfukoni, anasubiri. Hasogei mbele wala nyuma. Harith anamwendea. Siuoni uso wake, naona mgongo na mkono wa kulia unaoinuka.

Vidole vimerudi. Sisubiri jibu lake. Natoka, nakwenda kushika mguu wa mbele wa jeneza, na nitamwita Gurmit kwa jina ashike wa pili, Harith akubali asikubali.