Albamu Kabla ya Kisu

Jumanne, 4 Juni. Tunduma.

Foleni ya malori imefika mpaka mbele ya kibanda changu. Asubuhi nzima naingiza nyimbo kwenye flashi za madereva. Hakuna anayeuliza albamu. "Nichanganyie tu," basi. Mzambia mmoja kasema natotela, asante ya kwao, kaondoka na kundi la waimbaji wasiojuana.

Mama Eliya, mke wangu, karudi kutoka Mbeya na jibu la daktari. Goita yake ikatwe mwezi huu huu, inabana koo. Mshipa wa fahamu wa sauti unapita palepale. Unaweza kuguswa. Daktari alisema "unaweza" kama mtu anayesema mvua inaweza kunyesha, huku kashika mwamvuli.

Mke wangu ndiye sauti ya kwanza ya kwaya yetu. Naogopa. Naandika ili nisiseme.

Ijumaa, 7 Juni.

Anataka albamu. Nyimbo nane, zote alizotunga mwenyewe, kabla ya kisu. Nikamshauri arekodi mmoja, ule mzuri, tuupandishe mtandaoni, apumzishe koo. Siku hizi ndivyo wanavyofanya. Niliongea kitaalamu kabisa. Mtaalamu wa kuuza chaja.

Akanitazama. "Baba Eliya, huo mzuri ni upi?"

Nikaulizia chai. Aliyeoa anajua swali lenye shimo.

Jumamosi, 15 Juni. Vwawa.

Studio ni chumba nyuma ya saluni, kuta zimevalishwa magodoro. Fundi ni mpole, ila ana mawazo ya kisasa. Eti watu wanasikiliza mwanzo tu, kisha wanaruka. Kwa nini mama asipunguze nyimbo?

"Nani kakwambia naimbia wanaoruka?"

Fundi akarekebisha waya ambao haukuwa na tatizo lolote.

Tano zimeingia. Kwenye wa sita sauti ikakatika katikati, kama kamba ya ndoo. Akakohoa. Akaomba maji ya moto. Akarudia, ikakatika palepale. Fundi akasema mashine inaweza kuliziba hilo pengo. Mama Eliya akakataa.

Nilitoka nje nikajifanya napigiwa simu. Nilikuwa naogopa operesheni. Sasa naogopa kwamba sauti haitaisubiri.

Jumatano, 19 Juni. Vwawa tena.

Mama mkwe kashuka kutoka Ibaba. Alisikia kwenye simu kwamba binti yake anatengeneza albamu. Kaja nayo. Ya picha. Ile kubwa ya kurasa za nailoni, imefungwa ndani ya kitenge, na bahasha ya picha za ziada, maana alidhani tumepungukiwa.

Fundi alicheka mpaka hedifoni zikamdondoka. Mama Eliya akacheka, akakohoa, akacheka tena. Mimi sikucheka. Ni mama mkwe.

Hakuaibika hata kidogo. Akamwekea fundi albamu mapajani, kama anavyowekewa mgeni yeyote anayesubiri chakula kiive. Fundi akaanza kufunua. Kipaimara. Harusi yetu, mimi na suti ya kuazima. Msiba wa baba mkwe. Eliya mchanga, analia. Picha moja watu hawana vichwa. Fundi akauliza hii ya nini.

"Iache. Aliyepiga ni marehemu."

Fundi naye ana utani: "Bibi, si ungeleta moja tu, ile aliyopendeza?"

"We baba, mgeni nimpe picha moja? Akishaitazama, wali bado uko jikoni, atakuwa kamjua mwanangu kwa siku moja tu. Ile aliyopaka poda."

Miaka yote hii nawakatakata waimbaji na kuwajaza kwenye flashi, sijawahi kufikiria poda.

Wa sita ukaingia. Pale sauti ilipokatika fundi hakupagusa, wala hakuambiwa. Wa saba nao ukaingia, kwa shida. Akiuimba alishika ukuta.

Ijumaa, 21 Juni.

Wa nane haukuingia. Kilichotoka ni upepo. Alijaribu, akasimama, akavua hedifoni na kuziweka mezani taratibu sana. Hicho ndicho kilichoniogopesha zaidi, ule utaratibu.

Basi ni saba. Fundi alitaka ule mzuri utangulie, uvute watu. Mama Eliya kauweka katikati. Kwa ishara, maana anatunza koo. Anayeutaka aufuate huko huko. Mwanzoni kaweka wa kwanza kuutunga, akiwa msichana. Una kasoro, ninazijua zote. Mwisho ni ule wa kushika ukuta.

Operesheni ni Jumanne. Nimeomba. Kisha nikausoma ule mshipa mtandaoni. Kisha nikaomba tena, kwa haraka.

Jumatano, 26 Juni. Mbeya.

Walimaliza jana mchana. Leo kaamka vizuri, shingoni bandeji. Baridi. Madirisha ya wodi yamejaa ukungu.

Daktari kasema tusubiri, ni mapema.

Muuguzi wa zamu kaja na faili, kauliza jina la mgonjwa. Nikaacha kupoza uji, nikafungua mdomo. Mama Eliya akanibana mkono.

Akalitaja mwenyewe. Kwa sauti nyembamba, ya kukwaruza. Sijawahi kuisikia.

Muuguzi akainama. Eti hakusikia, arudie.

Akarudia. Lote, na la baba yake.

Nikaendelea kupoza uji.